Siku Bidoni Zilipanga Mulolongo mu Komine

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilivaa viatu vya dada yangu, na vilikuwa vikubwa. Kutoka kwetu mpaka komine, ofisi ya serikali ya mitaa yetu, ni mutelemuko wa matope, basi nilivibeba mukononi, nikanawa miguu kwenye mufereji karibu na mulango, nikavaa pale pale na kuingia kama mutu wa maana. Shule yangu ilikuwa imeishia mwaka wa ine wa sekondari. Na ndoto yangu haikuwa komine hata kidogo. Ndoto yangu ilikuwa redio. Nilitaka Bukavu nzima, kilima kwa kilima, isikie sauti yangu asubuhi wakati watu wanakunywa chai. Lakini redio haikuniita. Komine njo iliniita, na nyinyi vijana muliozaliwa na telefone mukononi, leo ninataka niwaambie namna tulikuwa tunatumika.

Chef de bureau wangu wa kwanza, yaani mukubwa wa biro yetu, alikuwa muzee mufupi mwenye kofia ya sufu, hata jua likiwaka. Alinitazama viatu, akanitazama uso.

"Unajua nini, binti?"

"Najua kusoma kwa sauti, Papa Chef."

"Kwa sauti? Hapa tunaandika, hatuimbi."

"Basi nitaandika kwa sauti."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akanipa karatasi ya majina, akanituma inje kwenye kiwanja nianze kuita watu. Nikasimama juu ya ngazi, nikafikiri niko mbele ya mikro ya redio, nikaita jina la kwanza. Mama mumoja aliyekuwa anauza ndizi upande wa pili wa barabara akaitika, na hata hakuwa na shida na komine. Kutoka siku ile wakaniita Radio. Nilipoolewa nikawa Maman Radio, na jina hilo likanishika mpaka leo.

Kazi yetu ilikuwa état civil, biro inayoandika watu: wanaozaliwa, wanaooana, wanaokufa. Mutoto akizaliwa, mutu anakuja kusema, na mutu huyo anaitwa déclarant. Tunaandika acte, karatasi inayosema mutoto huyu yuko, huyu mama yake, huyu baba yake. Tuliandika kwa bic juu ya papier carbone, na kaboni ilitupaka vidole mpaka watoto wetu nyumbani walikuwa wanatukimbia. Kisha tunapiga cachet sec, muhuri usio na wino, unaouma karatasi na kuacha alama ya kupapasa. Na sheria kubwa ilikuwa moja: mutoto aandikwe kabla ya miezi tatu kuisha. Ikipita, mulango wetu umefungwa. Muzazi anatumwa kwa tribunal kutafuta jugement supplétif, hukumu ya kusema mutoto kweli alizaliwa. Kwa mutu wa muji ile ni kichwa kuuma. Kwa mulimaji wa kilimani, mara nyingi ni mutoto kubaki bila karatasi mpaka awe mukubwa.

Walinipeleka kwanza kwenye biro ndogo upande wa Kavumu. Kule ndege zilikuwa zinapita karibu na paa, na mukubwa wetu, Chef de poste, alikuwa na heshima nyingi kwa ndoa. Ndege ikianza kunguruma anainua mukono, bwana na bibi harusi wanabaki midomo wazi. Siku moja bibi harusi alisema "ndiyo", ndege ikaimeza, Chef akamwomba arudilie. Akarudilia kwa nguvu. Bwana harusi akageukia watu: "Mumesikia? Amekubali na ndege ikiwa shahidi!"

Halafu nikatumwa upande wa Minova. Siku ya soko watu walikuwa wanashuka kwenye mitumbwi na samaki wao, wanapita kwetu kuandikisha watoto, na acte zetu za siku ile zilinukia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wiki nzima. Chef wa kule, mama mwenye mabega ya kubeba gunia, njo alinifundisha kupiga cachet sec. "Usitumie kiganja, Radio. Tumia kiwiko. Serikali inataka uzito." Nikajifunza uzito.

Nilipenda kazi ile kabisa. Lakini kulikuwa na jambo moja lililonichoma moyo kila mahali, nalo ni tukipande twa karatasi. Watu wamepanga mulolongo toka asubuhi, halafu anakuja kijana mwenye viatu vya kung'aa na kikaratasi kutoka kwa mukubwa fulani: "Huyu ni ndugu yangu, mumusaidie." Anapita mulango wa nyuma. Anakuja wa pili, naye ni ndugu. Kila mutu mu muji alikuwa na ndugu mahali, isipokuwa wale waliotoka mbali kwa miguu. Mimi nilikuwa nawaita kwa sauti tamu, na wao walikuwa wananitazama tu, kwa sababu majina yao yalikuwa yanashuka kila ndugu mupya akiingia.

Ndiyo maana siku mashine, yaani kompyuta, ilipofika, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga mikono.

Nilikuwa nimerudishwa Bukavu, kwenye komine yangu ile ile ya kwanza. Chef de bureau sasa alikuwa mwanamuke, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, tulimwita Maman Chef. Mashine ilikuja pamoja na Déo, informaticien wetu, fundi wa kompyuta, kijana mupole mwenye kutembea na waya mufukoni kama mwingine anavyotembea na karanga. Alinikalisha mbele ya écran, kile kioo chake. Nikaigusa kwa kiwiko, kama cachet sec.

"Maman Radio! Usiipige, iguse tu. Kama unagusa shavu la mutoto."

"Mbona hukusema ni mutoto?"

Hapo nikaelewa. Na mashine ikawa nzuri, nasema kwa moyo wote. Acte iliyokuwa inangoja wiki nyingi juu ya meza ya mukubwa ilianza kutoka siku ile ile. Panya hakuweza tena kula jina la mutu. Na tukipande twa karatasi tukakufa, maana mashine ilikuwa inapokea watu kwa namba tu. Siku moja kijana wa viatu vya kung'aa alikuja na kikaratasi chake. Maman Chef alishusha miwani, akamuonyesha écran.

"Isomee, tuone kama itakusikia."

"Maman, mukubwa mwenyewe njo amenituma."

"Mashine haina ndugu, mwanangu. Panga mulolongo."

Kiwanja kizima kikacheka. Mimi nilitaka kulia kwa furaha. Niliona kama mulango wa nyuma umejengwa matofali.

Kisha wakaleta telefone. Mutu anachukua nafasi ya kesho akiwa nyumbani, anapata namba, anakuja kwa saa yake. Wengi walishukuru: mufanyakazi wa biro, mwalimu, mwenye duka. Lakini nafasi za siku zilikuwa na mwisho, na asubuhi tukifungua zilikuwa zimekwisha kwisha, zimechukuliwa na watu wakiwa kwenye vitanda vyao. Wamama waliotoka Mumosho na kwenye vilima wakati jogoo bado amelala walifika kwenye gishe, kile kidirisha chetu, wakakuta écran imeandika "Complet", yaani nafasi zimejaa. Hawakuiba nafasi wale wa telefone, la. Walifuata sheria. Lakini mimi niliwaona tena wale wale wa zamani, wasio na ndugu, sasa hawana na telefone. Nilimwambia Maman Chef. Alijibu bila ukali: "Radio, sheria iko moja kwa wote." Na kweli ilikuwa moja kwa wote. Njo ile ilikuwa shida.

Kati yao alikuwa Nsimire, mama kijana wa Mumosho, na mutoto wake wa kiume mugongoni. Alikuwa amekuja tayari, akarudishwa: complet. Akaja tena: complet. Siku moja ya mvua akaja kwenye gishe yangu, nikatazama tarehe ya kuzaliwa kwenye karatasi ya maternité, mahali alipozalia. Miezi tatu ilikuwa inaisha kesho. Na mashine haikuwa kama sisi wa bic, ambao tungeweza kusubiri mutu akivuka barabara. Mashine ilikuwa inafunga yenyewe saa ya kufunga biro.

"Lala hapa muji, mwanangu," nikamwambia. "Kesho uwe wa kwanza."

"Wa kwanza wapi, mama? Kwenye mulolongo wa miguu ama wa telefone?"

Alienda kulala kwa shangazi yake, chini karibu na robinet, bomba la maji la watu wote.

Asubuhi yake nilisikia kelele za Papa Bahati, sentinelle wetu, mulinzi wa biro, kabla sijafika kwenye mulango. Kiwanja kilikuwa kimejaa bidoni za manjano, madumu ya kuchotea maji. Zilikuwa zimepangwa moja nyuma ya ingine, toka kwenye mulango mpaka chini ya gishe, kila moja imefungwa kitambaa chake: chekundu, cha maua, kipande cha soksi. Wamama walikuwa wamekaa kwenye ukuta, wametulia, wengine wanachambua maharagi.

"Nani aliwadanganya hapa kuna maji?" Papa Bahati alikuwa anapiga kelele. "Robinet iko kule chini! Hapa tunatoa karatasi!"

"Tunajua, Papa," akajibu koko mumoja, mama muzee aliyeleta mujukuu. "Ungekuwa unatoa maji, tungekuwa tumekwisha kufa kiu."

Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kila mutu wa Bukavu anajua sheria ya robinet, lakini niielezee kwa wageni. Maji hayatoki kila saa. Basi unaweka bidoni yako kwenye mulolongo na unaenda kupika, unaenda kusali, unaenda sokoni. Bidoni ni wewe. Hakuna mutu anaisogeza, hata adui yako. Na mama mwenye mutoto muchanga, bidoni yake inapitishwa mbele, inawekwa katikati ya zingine, bila yeye kuomba. Hakuna aliyeandika sheria ile, na sijapata kuona mutu akiivunja bila kufokewa na mutaa mzima. Nsimire alikuwa ameamka kwa shangazi, akaona bidoni za watu zikingoja maji, akawaza: kama inaweza kuningojea maji, kwa nini isiningojee acte? Akawaambia wenzake waliokuwa wanapanda na matope. Wakaazima bidoni kila nyumba. Yake ilikuwa na kitambaa chekundu, na wamama walikuwa wameipitisha mbele kabisa.

Maman Chef alisimama kwenye ngazi, miwani mukononi. Mbele ya gishe alikuwa amefika tonton mumoja wa cravate, baba wa makamo na tai yake shingoni, mwenye namba ya kwanza ya telefone.

"Hii ni nini?" akauliza tonton. "Mimi nilichukua nafasi yangu jana, kwa haki!"

"Uliichukua wapi?" akauliza koko.

"Nyumbani kwangu."

"Kwenye kitanda?"

"Na kama ni kwenye kitanda?"

"Basi wewe ulipata nafasi ukilala, na hawa waliitafuta wakitembea. Mimi sijui serikali, lakini naona nani amechoka."

Watu wakapiga miluzi. Tonton mwenyewe akafungua cravate kidogo. Maman Chef akauliza Déo kama mashine ina namna. Déo akakuna kichwa. Namna ilikuwepo, akasema: nafasi ya gishe, iliyowekwa kwa mambo ya haraka. Hakuna biro iliyowahi kuigusa, kwa sababu inafunguliwa na kidole gumba cha agent mwenyewe, mufanyakazi wa gishe, na agent huyo ataulizwa huko juu kwa nini. Maman Chef akapigia Chef de division, mukubwa wa jimbo wa kazi yetu. Yuko mu réunion, mu mukutano. Akapiga tena. Bado mu réunion.

Mimi retraite yangu, siku ya kupumzika kazi, ilikuwa imekaribia, niliweza kuisikia harufu yake kama fufu ya jirani. Kuulizwa huko juu hakukuwa kitu kidogo kwa mutu wa umri wangu. Nikatazama bidoni ya kitambaa chekundu. Nikaweka kidole.

Mashine ikatetemeka, ikaandika: uthibitisho wa mukubwa. Ilitaka na kidole cha pili.

Maman Chef akavaa miwani, akaitazama écran kama mutu anayetazama mukwe.

"Mashine haina ndugu," akasema polepole. "Basi leo tuipe." Na akaweka kidole chake. "Telefone moja, bidoni moja, mpaka jioni. Radio, ita watu!"

Nikapanda ngazi ile ile ya ujana wangu. "Telefone ya kwanza!" Tonton akaingia. "Bidoni ya kwanza!" Nsimire akaingia, na nyuma yake kitambaa chekundu kikasogea, na bidoni zote zikasogezwa hatua moja, gudu-gudu-gudu.

Tukaandika jina la mama, jina la baba, jina la kijiji. Tukaandika la mutoto: Aganze. Nikabonyeza kutuma. Hapo mvua ikaanguka juu ya mabati kama mawe, na rezo, mutandao wetu, ikaenda.

Kaduara kakaanza kuzunguka kwenye écran. Kanazunguka, kanazunguka. Déo akapanda juu ya meza, akashuka, akavuta waya, akapuliza waya. Tukangoja. Saa sita ikapita. Tukangoja. Wamama waliingia chini ya barza na kusali rozari. Bidoni zilibaki inje peke yao kwenye mvua, na hakuna mutu aliyezigusa. Saa ya kufunga ilikuwa inakuja na kaduara bado kanazunguka. Nsimire hakulia. Alikuwa anamutingisha mutoto tu na kunitazama.

Tonton wa cravate alikuwa bado pale, mvua ilikuwa imemufunga, na acte yake ikiwa kavu chini ya koti. Alikohoa.

"Telefone yangu iko na connexion," akasema. "Ya kampuni ingine. Mashine inaweza kunywea kwangu?"

Déo alitaka kumubusu. Akashika telefone ile, akaiweka kwenye dirisha, akaifunga na kamba ya miwani ya Maman Chef ili isianguke. Nikabonyeza tena, polepole, kama shavu la mutoto. Kaduara kakazunguka mara ya mwisho, kakasimama. Imprimante, mashine ya kuchapa, ikaanza kukohoa.

Nilishika acte ile ikiwa bado ya moto. Nikatoka kwenye ngazi, mvua ikinipiga uso, nikaita jina la Aganze kwa sauti yote niliyokuwa nimeiwekea redio maisha yangu. Mama wa ndizi wa upande wa pili wa barabara akaitika. Kweli! Alikuwa binti wa yule wa kwanza. Vigelegele vikapanda, Papa Bahati akapiga bidoni kama ngoma, na koko akamwambia tonton: "Sasa unaweza kulala kitandani mwako na amani." Nsimire alishika mikono yangu mbili na kusema kwa mashi, lugha ya kwao, "Koko, mama, koko," yaani asante, asante, mpaka Maman Chef akatukumbusha: "Telefone ya pili! Biro haijafungwa!"

Chef de division alikuja mwenyewe, wiki iliyofuata. Gari lake lilishindwa kuingia.

"Nani ameweka bidoni mbele ya mashine ya serikali?"

"Wenye serikali, Chef," akajibu Maman Chef, mugongo umenyooka.

Chef akaanza kupita katikati kwenda kwenye gishe. Mama mumoja, bila kuacha kuchambua maharagi, akamuuliza: "Papa, bidoni yako iko wapi?" Dereva wake alificha uso. Chef akasimama pale, akatazama mulolongo wote, vitambaa vyote, na mimi nikaanza kuaga retraite yangu kimoyomoyo. Halafu akacheka. Alicheka kwa muda murefu. Alikuwa mutoto wa kilimani naye, akasema, na mama yake alikuwa anamutuma kuchunga bidoni. Akamuita Déo na kumuamuru aandike ndani ya mashine kile kilichoandikwa kwenye kiwanja: telefone moja, bidoni moja, na mwenye mutoto muchanga apitishwe mbele. Nasikia na komine zingine wameomba waandikiwe vile vile.

Siku chache kabla ya kupumzika, Déo alinifungia mu chumba cha vyeti, akaweka mikro mbele yangu. Mikro kweli! Alisema watu wengi hawasomi écran, na mashine inahitaji mudomo. Nikasoma namba zote, moja kwa moja, na "karibu", na "pole kwa kungoja". Nilivaa kitambaa changu cha misa siku ile, hata kama hakuna aliyeniona.

Sasa niko nyumbani. Nalima dodoki, nachoka upesi, nacheka sana. Mukiniuliza mashine ni nzuri ama mubaya kwa watu, nitasema ni nzuri, vijana, muitumikie bila woga. Lakini kila asubuhi kabla hamujaifungua, mutoke kwanza kwenye kiwanja, mutazame nani amekuja na matope kwenye miguu. Mashine inasubiri muionyeshe mutu huyo.

Mwezi uliopita binti yangu alizaa, na mimi njo nilikuwa déclarante. Telefone ninayo, lakini nilibeba bidoni. Nikaifunga kitambaa, nikaiweka nyuma ya zingine, nikakaa kwenye ukuta na wenzangu. Watu wa pale hawakunijua, sentinelle ni mupya. Kisha kutoka juu ya mulango sauti ikaita, wazi, tamu, mpaka upande wa pili wa barabara: "Bidoni ya saba, karibu!"

"Mwanamuke huyu anaita vizuri," akasema jirani yangu. "Ni wa redio?"

"Ni wa redio," nikamujibu. Nikanyanyua bidoni yangu, nikajiitikia kwa nguvu: "Niko!"